Vigelegele Nyuma ya Hema

Miaka yote ile, ungetaka kumpata Bibi Hasifa kwenye mkutano wa mkubwa yeyote, usingejisumbua na viti vya mbele. Ungezunguka nyuma ya hema, kule jenereta inakonguruma na masufuria ya pilau yanakochemka, ungemkuta amekalia kreti la soda, miguu ameinyosha, anasubiri kuitwa. Hapo ndipo palikuwa pake. Wakubwa walikuja, wakahutubia, wakaondoka na vumbi lao, na yeye yuko nyuma ya hema. Nimechoka kulibeba jambo hili kifuani peke yangu, ndiyo maana nalisema.

Mimi naitwa Mbambu, Mnande wa Butembo, nauza vitenge soko la Kikuubo. Vita vilipotutoa kwetu nilifika Kampala na mwanangu Tresor mgongoni na furushi moja, sijui Kiganda hata cha kuombea maji. Bibi alinisikia sokoni nikihangaika na Kiswahili changu cha Kongo, akanishika mkono kama watu walioachana jana. Akanipa chumba cha mbele nyumbani kwake, Makindye, na sharti lilikuwa moja tu: nisikorome. Nikamwapia kwamba sikoromi. Alinisema kwa hilo miaka yote, na mimi nikamjibu kwamba yeye akiamka kuswali alfajiri anagonga ndoo zote za nyumba, kwa hiyo ngoma droo.

Bibi ni Mnubi. Babu yake aliletwa kutoka Sudani na Waingereza akiwa askari, akazalia huku, akafia huku. Vita vya sabini na tisa vilipokuja, watu walianza kuwatazama Wanubi kwa jicho baya, eti ni watu wa rais aliyepinduliwa, Bibi akakimbia na wanawe hadi Arua, halafu Sudani. Huko alikaa kambini mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Baada ya vita vya themanini na sita, serikali mpya ikatangaza kila mtu arudi kwake, naye akarudi. Akafika mlangoni, akakuta mtu mwingine anaishi humo na mke wake na kuku wake. Unajua alifanya nini? Hakupiga kelele. Alizunguka nyuma akaingia jikoni, jikoni mwake mwenyewe, akatandika mkeka akalala. Kila asubuhi yule bwana akifungua mlango wa nyuma anamkuta Bibi amekaa hapo, anamsabahi vizuri, anamuuliza habari za watoto. Miezi ikapita. Mwisho yule bwana alichoka kusabahiwa, akafunga mizigo akaondoka.

Basi tangu hapo Bibi alikuwa na deni la shukrani moyoni, na shukrani kwake haikuwa maneno. "Mtu amekuacha urudi kwako," alikuwa akiniambia, "utamlipa nini? Unamchezea ngoma." Akakusanya wanawake wa Kinubi wa mtaa, wakafufua doluka, ngoma yao, na kila mkubwa aliyekanyaga Makindye wao ndio waliompokea. Yeye ndiye aliyeanzisha sauti. Vigelegele vya Bibi Hasifa, jamani, si vya kusimuliwa. Mwanamke mfupi vile, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini akifungua mdomo mbwa wa mtaa wa pili wanaamka. Na walikuwa na utaratibu wao: mwanzisha sauti asipoanza, hakuna mwingine anayefungua mdomo. Anaweza kuwa ameenda msalani, mtamsubiri. Ndivyo walivyolelewa na mama zao.

Hotuba zenyewe hakuwahi kuzisikia. Wachezaji wakishamfikisha mgeni jukwaani, wanasukumwa nyuma ya hema, na spika zote zimeelekezwa mbele kwa wananchi. Huko nyuma unasikia bum-bum-bum na jenereta. Jioni Bibi alikuwa akirudi nyumbani akituuliza sisi tuliokaa mbele: "Eti leo alisema nini?" Mmoja anamwambia umeme unakuja. Mwingine anamwambia hapana, ilikuwa habari ya kodi. Mwingine alikuwa amelala. Bibi anatikisa kichwa, anaingia kupika uji. Mimi nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni jambo la kuchekesha.

Halafu ikaja habari ya barabara.

Njia ya vumbi iliyopita mbele yetu ilikuwa ipanuliwe, iwekwe lami, ipite malori. Upande wake wa juu kulikuwa na ukuta wa ghala na kiwanja kitupu kinachoota magugu. Upande wa chini tulikuwa sisi, mstari wa nyumba za matofali za kizamani zilizoegemeana, ya Bibi ikiwa ya kwanza ukitoka msikitini. Barabara isingeweza kupanuka bila kula upande mmoja. Ama ukuta na magugu, ama sisi. Tulisikia kila aina ya uvumi. Kisha tukaambiwa Mheshimiwa mwenyewe atakuja uwanja wa shule Jumamosi, atatangaza kwa mdomo wake.

Usiku huo Bibi hakula. Alikaa kitandani kwake, mimi kwenye mkeka, akasema:

"Mbambu, mimi nimeshahamishwa na bunduki. Nimehamishwa na njaa kule kambini. Nikarudi nikakuta nimehamishwa na mtu na kuku zake. Nimechoka, binti yangu. Safari hii nataka nikae mbele."

"Ukikaa mbele ndiyo utaizuia barabara?"

"Siwezi kuzuia barabara, wee! Nataka nisikie kwa masikio yangu. Na akitoa nafasi ya mtu kusema, nisimame niseme mimi ninaishi hapa. Basi, hilo tu. Ajue kuna mtu."

Nikamwuliza atasema nini kingine, akajibu hana kingine. Nilimwonea huruma, na pia nilijionea huruma mimi mwenyewe, kwa sababu chumba cha mbele ndicho kilikuwa changu na ndicho kingeanza kuanguka.

Kesho yake alimwendea Faruk. Faruk ni kijana wa palepale mtaani, Mnubi mwenzao, mhamasishaji. Kazi yake ni kujaza uwanja watu na kuwafanya wafurahi. Bibi ndiye aliyempokea alipozaliwa, alimkata kitovu kwa mikono yake, na hilo hakuacha kumkumbusha.

"Faruk, safari hii nipe kiti."

"Bibi! Wewe tena? Kiti chako kipo, mstari wa mbele kabisa, wallahi. Unacheza ukimfikisha Mheshimiwa jukwaani, halafu nakuchukua mwenyewe nakukalisha."

"Usinifanye mjinga."

"Mimi? Bibi, mimi ni mwanao!"

Niliposikia "mimi ni mwanao" nilijua hapo hakuna kiti. Lakini Bibi alirudi anatabasamu, akatoa gurbaba yake ya zambarau, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, akaitundika mlangoni ipungue mikunjo. Ningemwambia nini?

Mimi niliingiaje katika ngoma ya watu? Anena, mmoja wa wachezaji, Mwacholi aliyeolewa na Mnubi, alivimba mguu Ijumaa. Faruk alikuwa ameahidi idadi kamili ya akina mama, basi Bibi akaniangalia kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayenunua mbuzi.

"Utajaza nafasi."

"Bibi, mimi ni mlokole."

"Yesu wako hatakuona, utakuwa katikati."

Tukafanya mazoezi uani. Doluka ni ngoma ya kunyata, taratibu, mabega yanasema kuliko miguu. Mimi mabega yangu yamezoea kubeba marobota. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mbambu unacheza kama unaua siafu," Bibi akasema, na jina la Siafu likanikaa.

Jumamosi lori lilitukusanya msikitini mapema, jua bado ni la kupendeza. Tulifika uwanjani tukaambiwa Mheshimiwa yuko njiani. Nani asiyejua neno hilo? Njia ya wakubwa ni ndefu kuliko ya Kinshasa. Tulisimama getini tumepangwa mistari miwili. Jua likapanda. Rangi ya zambarau ya gurbaba ya Bibi ikageuka nyeusi mgongoni kwa jasho. Kila baada ya muda Faruk alipita mbio amevaa kofia yake pana ya majani, anapiga makofi: "Akina mama, tabasamu! Anafika sasa hivi!" Tunatabasamu, hafiki. Tunaacha kutabasamu. Miguu ikaanza kuniwaka moto, nikakaa chini juu ya kandambili zangu, nikaambiwa nisimame. Nilimtukana Faruk kwa Kinande, alidhani namwombea baraka.

Bibi hakukaa. Nilimwambia apumzike, akasema akikaa magoti hayatakubali kusimama tena. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anavuta uradi, nikamsogelea nikasikia: "Mheshimiwa, mimi naitwa Hasifa, ninaishi nyumba ya kwanza kutoka msikitini." Anarudia. "Mheshimiwa, mimi naitwa Hasifa." Alikuwa anajifunza. Nikageuka pembeni nisimwonyeshe uso wangu.

Adhuhuri imeshapita ndipo ving'ora vikalia. Magari yakaingia, vumbi likainuka, ngoma zikaanza, Bibi akafungua mdomo. Uchovu wote ulikwenda wapi sijui. Tulimchukua Mheshimiwa kutoka getini mpaka jukwaani kwa mabega, yeye mwenyewe akajaribu hatua mbili, watu wakashangilia. Ni mtu wa kawaida tu, mnene kidogo, ana uso wa mtu aliyelala vibaya. Akatupungia mkono. Tukafika chini ya ngazi za jukwaa, na hapo vijana wenye fulana za manjano wakatuweka mikono migongoni. "Asanteni mama zetu, asanteni, nyuma ya hema, mtaitwa tena."

Bibi akageuka kumtafuta Faruk.

"Faruk! Kiti!"

"Bibi, sasa hivi." Macho yake yalikuwa kwingine. "Hawa watu wa kadi za mwaliko wamekuja wengi. Acha wakae kwanza, nakuja kukuchukua. Halafu sikilizeni wote: mkiona kofia yangu iko juu, hivi, mnaingia na vigelegele. Msikose. Kofia juu, vigelegele."

Akapotea.

Ndiyo hivyo tukajikuta nyuma ya hema, penye jenereta na masufuria na mabomba ya maji. Mpishi mmoja akatupa soda. Kule mbele mtu alikuwa akiongea, sijui ni diwani, sijui ni nani, unasikia bum-bum-bum, halafu makofi, halafu bum-bum-bum. Wanawake wakavua viatu, wakakaa kwenye majani. Wengine wakasinzia palepale. Bibi alibaki amesimama anaangalia kona ya hema ambako Faruk angetokea.

Alisubiri. Hakuna Faruk.

"Nakwenda mwenyewe," akasema.

Nikamfuata. Tulipofika kwenye kona, askari akanyoosha mkono. Alikuwa kijana mrefu, kifuani ameandikwa Okeny, na alikuwa na adabu, sitamsingizia.

"Mama, mwisho ni hapa."

"Mwanangu, mimi nina kiti kule mbele. Muulize Faruk."

"Faruk simjui, mama. Wachezaji ni nyuma."

"Mimi leo si mchezaji."

Okeny akaitazama gurbaba, akaitazama shanga ya shingoni, akanitazama na mimi niliyefungwa nguo ya kuazima iliyonipwaya. Akacheka kwa upole. "Mama, rudi ukae kivulini. Mkubwa anakaribia kusema."

Akajaribu upande wa pili, akarudishwa. Akajaribu kupita na wanaobeba sahani za pilau, akarudishwa, safari hii na mwanamke mwenye redio ya mkononi ambaye hata hakutuangalia usoni. Nilikasirika nikataka kumrukia. Bibi akanivuta nguo. "Acha. Ukipigana watatufukuza kabisa."

Hema lilikuwa la vipande, na mahali vipande viwili vilipokutana palikuwa na upenyo, turubai limefungwa kamba. Bibi akaenda pale, akashika kamba, akapenyeza kichwa. Mimi nikasimama nyuma yake kumkinga na macho ya walinzi. Nilichungulia juu ya bega lake. Tuliona migongo ya viti vikubwa, na mbele yake mgongo wa Mheshimiwa mwenyewe aliyesimama kwenye kipaza sauti, koti limekunjamana kiunoni. Mbele zaidi ni watu, uwanja mzima, mpaka kwenye miti. Na pale kwenye upenyo sauti ilianza kufika. Si yote, lakini ilikuwa maneno, siyo bum-bum. Nilisikia "ndugu zangu". Nilisikia "barabara".

Bibi akaninyamazisha kwa mkono ingawa nilikuwa sijasema kitu. Alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri.

Wakati huohuo nyuma yetu wachezaji wakaanza kumwita Bibi kwa jina la mwanawe. "Mama Sadik! Mama Sadik! Kofia!"

Niligeuka. Kule pembeni, juu ya vichwa vya watu, kofia ya Faruk ilikuwa juu. Siyo juu tu, alikuwa anaitikisa kama mtu anayezama. Wanawake wote wameshasimama, viatu miguuni, wanamwangalia Bibi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwanzisha sauti hajaanza.

Mimi nilimwona Bibi pale. Hilo sitalisahau. Mkono mmoja umeshika kamba ya hema, kichwa nusu ndani nusu nje. Alifungua macho akaitazama kofia, akayatazama mabega ya Mheshimiwa, akaitazama kofia.

"Acha wasubiri, Bibi!" nikamwambia. "Sikiliza!"

"Mgeni amesema neno, watu wako kimya," akasema. "Husikii? Uwanja mzima kimya. Kwetu mgeni hajibiwi kwa kimya, Mbambu. Ni aibu yetu."

Na kweli uwanja ulikuwa kimya. Hata mtoto hakulia. Sikujua kwa nini.

Akaachia kamba. Akajipangusa jasho kwa ncha ya gurbaba, akavuta pumzi, na vigelegele vikatoka. Virefu, jamani, virefu kuliko siku zote, kama vile alikuwa amevitunza tangu aliporudi kutoka Sudani. Wenzake wakadaka, ngoma zikadaka, tukaingia kwa kona ya hema na Okeny mwenyewe akatupisha. Tukatokea mbele ya jukwaa tunanyata, mabega yanacheza, kamera zikatugeukia.

Watu hawakushangilia. Walikaa wanatutazama. Kuna mzee aliyeweka mikono kichwani. Nilidhani ni jua, nikadhani wamechoka kama sisi. Mheshimiwa peke yake ndiye aliyefurahi. Uso wake uliokuwa umelala vibaya ulifunguka wote, akashuka ngazi, akamshika Bibi mkono, akauinua juu, na kwenye kipaza sauti akasema: "Mmeona? Wenye mtaa wamejibu! Asanteni mama zetu kwa moyo huu!"

Bibi akacheka na meno yake machache. Alishikwa mkono na Mheshimiwa. Alifungua mdomo aseme, nilimwona, alitaka kusema "mimi naitwa Hasifa", lakini mkono ulishaachiliwa na koti lilishageuka, linapanda ngazi.

Tulipotoka getini ndipo tulikutana na Acayo. Acayo anauza mkaa kwenye kichochoro chetu, nyumba ya nne kutoka kwa Bibi. Alikuwa amekaa mbele kabisa, aliwahi tangu alfajiri. Macho yalikuwa mekundu.

"Bambi, maskini, Bibi," akasema. "Mlikuwa mnafurahia nini?"

"Alisema nini? Sisi tulikuwa nyuma."

"Inapita chini. Kwetu. Nyumba zote." Akatutazama mmoja mmoja. "Na nyinyi mnatikisa mabega."

Akaondoka. Bibi akabaki ameshika kandambili zake mkononi. Hakulia. Alisema, "Haya, tupande lori," kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Njiani hakuna aliyeimba. Jioni redio ikasema wakazi wa eneo husika walipokea tangazo kwa vigelegele na ngoma za asili, na vigelegele vyenyewe vikachezwa kidogo. Wapangaji wote uani walimtambua. Nikanyanyuka nikaizima.

Wiki zile zilikuwa nzito. Majirani walipita mlangoni bila salamu. Acayo alianza kuzungukia njia ya chooni ili asitupite. Ukimuuliza mtu ilikuwaje kule mbele, neno kwa neno, anakujibu: "Mwulize rafiki yako aliyeshikwa mkono." Bibi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kusema kwamba hawakusikia, kwamba ilikuwa kofia tu. Mwenyekiti akamwambia, "Bibi, taifa zima limekusikia. Mimi nitapinga kwa mdomo gani?" Faruk hakuonekana, walisema amepata kazi Jinja. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka Kikuubo nimebeba robota nimechoka kufa, namkuta Bibi amekaa palepale nilipomwacha asubuhi, na uji haujapikwa. Napika mimi. Anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Nilitamani aniseme hata kwa habari ya kukoroma.

Kisha wakaja wa rangi.

Walikuwa watatu, wameshika kopo la rangi nyekundu na brashi, wanapiga alama ya X ukutani kwa kila nyumba ya upande wa chini. Walianzia msikitini, maana yake walianzia kwetu. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja wa ofisi, Rosalba, amevaa buti za mpira na koti la kung'aa. Alituona mimi na Bibi tumekaa mlangoni, akasimama, uso ukachangamka.

"Nyabo, mama yangu, si wewe yule wa vigelegele? Mimi nilikuwa jukwaani, viti vya nyuma ya Mheshimiwa. Kweli nyinyi ni watu waungwana. Kwingine tukifika na rangi hii wanatupiga mawe."

Nilitaka kumjibu. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Ulikuwepo jukwaani?" akamuuliza.

"Nilikuwepo, mama."

"Basi kaa. Mbambu, mpe mgeni kigoda. Niambie alichosema, tangu alipoanza. Usiruke kitu. Mimi nilikuwa nyuma ya hema, sikusikia."

Rosalba akadhani ni utani. Alipomtazama vizuri akaona si utani, akaketi, akaweka brashi juu ya kopo. Akaanza kusimulia, na alisimulia vizuri, Mungu ambariki. Alisema Mheshimiwa alianza kwa kusifu umoja. Alisema akaeleza malori, na mafuriko, na kwa nini ile njia haiwezi kubaki vile. Alisema akatangaza kwamba wataalamu wamependekeza upande wa chini, na watu wakanyamaza.

"Halafu?" Bibi akauliza.

"Halafu akasema hataki kulazimisha watu. Akasema, hili ni pendekezo, kama kuna mwenye nyumba hapa ambaye ana neno, asimame aseme sasa, yeye yuko tayari kusikiliza." Rosalba akaigeuza brashi juu ya kopo. "Akanyamaza, akasubiri. Kulikuwa na mama mmoja mbele ameanza kuinuka, yule anayeuza mkaa pale. Lakini nyinyi mkaingia, akakaa."

Vijana wawili wa rangi walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Alisubiri?" Bibi akasema.

"Alisubiri, mama."

"Muda mrefu?"

"Muda wa kutosha."

Bibi alishika kizingiti cha mlango, akajiinua taratibu, magoti yakalia. Alisimama wima mbele ya Rosalba kama mtu aliye mbele ya umati, akajishika gurbaba vizuri kifuani.

"Mimi naitwa Hasifa," akasema. "Ninaishi hapa."

Rosalba aliitikia kwa kichwa, machozi yamemlenga. Bibi akamsubiri, akamsubiri sana. Kisha akasogea pembeni ya mlango, ili wapate mahali pa kupaka.